Kukaba Kuanzia Mbele

Kaka yangu hajafunga bao hata moja maishani mwake, na mtaa mzima unamwita Kocha. Mpira wenyewe akiupiga unakwenda kando. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akiwekwa golini akikosekana mtu, na akiwekwa golini tunafungwa. Leo mkute kwa kinyozi uone anavyopishwa kiti. "Karibu, Kocha!" Naye anakaa, anakunja mguu, anaanza kuwachambulia watu mechi ambazo hata hakuzitazama. Mimi nikilisikia jina hilo damu inanichemka, na nitawaambia kwa nini, maana nimenyamaza vya kutosha.

Kwanza mmjue. Ni mtunza stoo wa karakana ya milango na madirisha. Kazi yake ni kutoa misumari, bawaba na vioo, na kugombana na mafundi wanaodai wamepewa pungufu. Mkewe alimwacha zamani. Aliondoka na makochi, mapazia na hata balbu ya sebuleni, akamwachia kompyuta peke yake kwa sababu aliichukia kuliko alivyomchukia yeye. Basi kaka akaja nayo kwetu, ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. "Dada, ni kwa muda tu," akasema. Mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kukataa, akampokea begi, akampa chumba cha uani. Huo muda tu haujaisha mpaka leo.

Ndani ya hiyo kompyuta mna gemu ya mpira. Siyo ile ya kubonyeza vitufe mtu akakimbia, hapana. Hii wewe ndiye kocha. Unasajili wachezaji, unawapanga, unaamua timu icheze vipi, halafu unakaa unatazama vidoti vikizunguka kwenye uwanja wa kijani. Nilidhani ni mchezo wa kupoteza muda kama karata. Lo! Kumbe ni dini. Akiwa na fainali anavaa shati la kola. Nimemkuta kwa macho yangu haya mawili akimfokea beki ambaye hayupo duniani. Na timu yake aliyochukulia makombe ni ya mji fulani wa baridi ambao ukimuuliza uko upande gani wa dunia anakuambia, "Kule juu juu."

Ufundi wake ulikuwa mmoja tu, kukaba kuanzia mbele. Timu nyingine, alinieleza, zikipoteza mpira zinarudi nyuma kulinda goli. Yeye harudi. Ukipoteza mpira unamfuata aliyeuchukua hapo hapo, huko huko kwao, kabla hajainua kichwa. Kwenye gemu kuna vipimo anavisukuma kwa kipanya: mstari wa mabeki unapanda mpaka karibu na katikati, presha inaongezwa mpaka mwisho, na mshambuliaji wa mbele kabisa ndiye anayeanza. Anamkimbilia beki wao. Beki akirudisha kwa kipa, anamkimbilia kipa. Wengine nyuma yake wanaziba njia, mpira ukose pa kwenda.

"Fowadi ndiye beki wa kwanza, dada," aliniambia, mimi nina pini mdomoni nashona pindo la gauni la mteja. "Asipokaba yeye, wote nyuma yake wanakimbia bure."

"Na akichoka?"

"Unamwona. Kila mchezaji ana kijimstari cha pumzi chini ya jina lake. Kikiwa kijani yuko sawa. Kikigeuka rangi ya chungwa amechoka. Kikiwa chekundu, huyo anavunjika."

Nayakumbuka maneno hayo kana kwamba aliyasema jana.

Sasa mume wangu. Karakanani walimwita Injini. Alikuwa fundi wa kufunga madirisha, siyo ya chini, yale ya ghorofani, juu kabisa ya ngazi, kioo mkono mmoja na bisibisi mkono mwingine. Mimi nikipita chini nilikuwa siangalii, nasalimia nikiwa nimeinamia viatu vyangu. Jumapili alikuwa fowadi wa timu ya karakana. Chenga hana, shuti lake la kawaida, lakini kukimbia, jamani, mwanamume yule alikimbia. Ukimtazama unachoka wewe.

Timu yao ina desturi yake ambayo sijaiona kwingine. Mchezaji akichoka hapigi kelele atolewe, kwa sababu wapinzani wakisikia wanapata moyo. Anaweka kiganja juu ya kichwa, basi, kama mtu anayejikinga jua. Kocha akiona anaingiza mwingine, na wapinzani hawajui kitu. Sijui nani aliianzisha. Ilizoeleka mpaka ikaingia majumbani. Wanangu ukiwatuma dukani mara ya pili wanakuwekea kiganja kichwani, wamekukodolea macho, na huwezi kuwakasirikia.

Kocha wao wa zamani alipohama mji, timu ikabaki haina mwenyewe. Kaka yangu saa ya chai hakuwa na mada nyingine ila mpira, na bosi akamchoka. "Si wewe unayetufundisha kila siku? Haya, timu hiyo, chukua." Bosi alikuwa anatania. Kaka hakuuona utani. Alichukua mlango uliokataliwa na mteja, akauegemeza stoo, akachora uwanja kwa chaki, bawaba zikawa wachezaji wetu na nati za bolti zikawa wapinzani. Mafundi walimcheka mpaka siku ya mechi ya kwanza. Wale wapinzani maskini walizoea kupokea mpira, kuutuliza, kukohoa kidogo, ndipo watoe pasi. Sasa wakigeuka, Injini huyu hapa. Wakirudisha kwa kipa, Injini huyu hapa. Hawakujua kama wacheze au wakimbie nyumbani.

Wakashinda, wakashinda tena. Kaka yangu akaota mapembe. Akawa anaongea na watu bila kuwatazama, mikono mfukoni, kidevu juu. Na mimi, kwa nini niwafiche, nilifurahi sana. Ndugu yangu huyu aliyedharauliwa na kila mtu, mkewe akiwa wa kwanza, sasa anapigiwa makofi. Nilimshonea hata koti.

Fainali ilikuwa na wafyatua matofali, watu wenye vifua kama makabati. Wiki hiyo karakana ilikuwa inakimbizana na jengo moja kubwa, na mume wangu alishinda juu ya ngazi mpaka Jumamosi jioni. Jumapili aliamka anajishika mapaja kama mzee. Nikamwambia asiende.

"Nisipokwenda shemeji atakaba na nani?" akasema, akafunga kamba za viatu.

Mimi sikwenda uwanjani, nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumalizia. Mama mkwe wangu alikwenda. Yeye hakukosa mechi hata moja ya mwanawe. Alikuwa na kigoda chake, anakiweka pembeni kabisa mwa benchi la timu yetu, na refa akikosea anatajiwa ukoo wake wote.

Yaliyotokea yameshasimuliwa na kila mtu, na karibu yote yanafanana. Jua lilikuwa kali. Kipindi cha kwanza hakukuwa na bao. Kipindi cha pili mume wangu aliweka kiganja kichwani. Hilo hakuna anayelibisha, waliliona mpaka wauza maji. Kinachobishaniwa ni kama kaka yangu aliona. Hakumtoa. Basi mume wangu akaendelea, kwa sababu ndivyo alivyo, asipotolewa anakimbia. Mpira ukarudishwa kwa kipa wao, akamfuata, kipa akababaika akaupiga hovyo, ukamwangukia winga wetu mguuni. Bao! Watu wote wakamkimbilia winga. Injini alibaki chini peke yake mbele ya goli, maana alipogeuka mguu ulinasa na mwili ukaenda, goti likabaki katikati. Aliyemwona wa kwanza ni mama yake, akaingia uwanjani na kigoda mkononi.

Kombe likaenda stoo, mume wangu akaenda hospitali. Kombe bado linang'aa. Goti halikurudi. Ngazi hapandi tena. Sasa anakaa uani mwa karakana juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakata ile mipira ya kushikia vioo, na huko ghorofani wanapanda vijana aliowafundisha yeye mwenyewe. Nyumbani halalamiki. Ila siku moja nilimkuta ameishika ngazi ya jirani kwa mikono miwili, hapandi, haipeleki popote, ameishika tu. Nikarudi ndani kabla hajaniona, nikalia nikiwa nimejifunika gauni la mtu.

Mume wangu alipotoka hospitali, mama mkwe alikuja kwetu. Hakuketi. Alisimama mlangoni, akamnyooshea kaka yangu kidole.

"Ulimwona mwanangu. Nilikuwa karibu na wewe kama nilivyo sasa. Ulimwona, ukageuza uso."

"Haki ya Mungu, Mama, nilikuwa natazama winga ya kulia," kaka akasema. "Ningemwona ningemwachaje? Huyu ni ndugu yangu." Na akalia, machozi ya kweli, yakamdondokea shatini.

Mimi nikamkingia kifua. Nilisimama kati yao. Nilimwambia mama mkwe kwamba uchungu wa mtoto unamfanya aone yasiyokuwepo, kwamba kaka yangu ana kasoro zake lakini huo ukatili hana, na kwamba kama amekuja kutugombanisha basi nyumba hii haina nafasi ya ugomvi. Akanitazama weee. Akaondoka. Hajakanyaga kwangu tena. Wifi yangu akiniona sokoni anageuka kuchagua nyanya. Wanangu wanakwenda kwa bibi yao, wakirudi nawauliza kama hajambo, wananijibu hajambo, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mume wangu nilimuuliza mara moja tu. "Eti, alikuona?"

"Uwanja mkubwa ule, mama watoto," akasema. "Sijui."

Nikalishika hilo. Mtu mwenyewe aliyevunjika hajui, wengine wanajuaje?

Miezi ikapita, na kaka yangu akafanya jambo ambalo niliona ni la upendo. Gemu yake inakuruhusu kutengeneza mchezaji wako mwenyewe, ukamchagulia kimo, mguu anaotumia, mbio na pumzi. Akamtengeneza Injini. Jezi ile ile, mwendo wa kasi, pumzi ya juu kabisa, akamweka mbele kwenye timu yake ya kule juu juu. Akamwita mume wangu amwone. Nikasikia kicheko kutoka chumba cha uani, kicheko cha zamani kile, cha tumboni. Nikasema moyoni, Mungu akubariki, kaka.

Ikawa kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Soketi ya chumba cha uani ilipoungua wakaihamishia kompyuta kwenye chumba changu cha kushonea, wakanibana na cherehani yangu ukutani, sikusema neno. Mume wangu anaweka mguu juu ya stuli, anajitazama akikimbia. Anasema "mimi". "Nimemkaba yule." "Nimefunga." Kidoti kikipata mpira anasogea mbele kwenye kiti na lile goti bovu linatikisika. Watoto walikuwa wakimwambia bibi yao kwamba baba amefunga mawili, amefunga matatu. Sijui bibi aliwajibu nini.

Lakini kwenye gemu miaka haikai. Ukipika wali misimu miwili imepita. Injini alichukua kiatu cha mfungaji bora, kisha umri ukamwingia, pumzi ikaanza kupungua hata huko.

Jumapili moja walikuwa na mechi ya ubingwa, timu ziko sare, nami nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya shule.

"Kijimstari kimegeuka," kaka akasema. "Namtoa."

"Unamtoa nani?" mume wangu akauliza.

"Injini."

"Mbona unanitoa? Hatujafunga."

"Shemeji, fowadi anayekaba huwezi kumwacha mpaka mwisho." Kaka alikuwa amekunja mikono ya shati, sauti ile ya kwa kinyozi. "Rangi ikibadilika unamtoa hapo hapo, hata kama mnatafuta bao. Ukijiambia dakika tano tu, goti linakwenda. Mimi hilo nilijifunza siku ile. Wewe umeweka kiganja kichwani, mimi nikitazama naona kipa wao ameshaanza kutetemeka, nikasema tano tu, bao linakuja. Na kweli likaja. Lakini..."

Akanyamaza. Msidhani alinyamaza kwa aibu. Kulikuwa na kona.

Mguu wangu uliondoka kwenye cherehani. Kona ikapigwa, ikaokolewa.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Kiganja. Umesema ulikiona."

Hapo ndipo alipogeuka, na uso wake ukaanza kutafuta pa kujificha. "Dada, mambo ya zamani hayo..."

"Uliapa! Ulisimama mbele yetu ukaapa, ukalia mpaka ukalowa, na mimi nikamfukuza mama wa watu kwa ajili yako!"

Akamtazama mume wangu apate msaada. Na akaupata, ndiyo maajabu yake.

"Mwache," mume wangu akasema taratibu. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tuliangaliana. Mimi nimeweka kiganja, yeye akanionyesha vidole vitano. Nikajua ananiambia dakika tano."

"Na ukaniambia uwanja mkubwa!"

"Ningesema, ungemfukuza. Angekwenda wapi huyu? Na wewe ulikuwa umeshamwambia mama yale uliyomwambia." Alilisugua goti lake. "Nikaona nikisema, nakuumbua na wewe. Basi nikanyamaza."

Ebo! Kumbe wote wawili walijua. Walikaa meza moja, wakala chakula nilichopika, wakakaba na kufunga mabao Jumapili baada ya Jumapili, na mjinga wa nyumba ni mimi, mlinzi wa heshima ya mtu aliyehesabu goti la mume wangu kwa vidole vyake. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikauweka chini, maana sikujiamini.

"Toka," nikamwambia kaka. "Chukua huo mtambo wako utoke nyumbani kwangu."

Akainuka nusu. Mkono mmoja ulikwenda kwenye nyaya. Mwingine, nawaambia, ulibaki juu ya kipanya.

"Mama watoto," mume wangu akasema. Macho yake yalikuwa kwenye skrini. "Mwache amalize mechi kwanza."

Nilimtazama yule mwanamume niliyemlilia. Hakugeuka. Kaka akaketi tena, polepole, akakohoa.

"Nimwingize nani, shemeji?"

"Yule kijana wa kushoto," mume wangu akasema. "Lakini usimchoshe."

Nilichukua kanga yangu nikatoka. Sikujiuliza nakwenda wapi, miguu yenyewe ilijua, ingawa njia ile ilikuwa imenitoka siku nyingi. Nilimkuta mama mkwe uani kwake anaanua nguo. Nikabisha hodi kwenye lango lililo wazi. Hakuitikia, lakini hakuingia ndani.

"Mama," nikasema. "Alimwona. Amesema mwenyewe leo."

"Najua," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Akaendelea kutoa vibanio, anavitia kwenye kikopo kimoja kimoja. Maneno ya kuomba radhi niliyokuwa nimeyapanga njiani yote yalipotea, na machozi yalinitoka bila ruhusa yangu. Hakunibembeleza. Kwa nini anibembeleze?

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Anatazama mpira. Na kaka."

"Ule wa kompyuta, anaocheza mwenyewe?"

"Huo huo."

"Anacheza sasa hivi?"

"Ametolewa, Mama. Kaka amemtoa, kachoka."

Akasimama na shuka mikononi, hakulikunja.

"Leo ndipo amemtoa," akasema.

Kisha akanipa pembe mbili za lile shuka nishike, tukaanza kukunja.